Ukokotoaji upya: kinachofanya fomu kubwa ya Excel iwe nzito

Ukokotoaji upya ni kazi inayofanywa na programu ya majedwali, iwe Excel au LibreOffice Calc, kila unapobadilisha kitu: inatafuta fomula zinazoguswa na badiliko hilo na kuzipigia hesabu tena. Kwenye faili dogo hutaona lolote. Kwenye fomu kubwa unabonyeza Enter, kishale kinageuka duara, na unakaa kusubiri.

Ofisi za ushirika wa kahawa huku Moshi ni mfano mzuri. Karani ana shiti ya mapokezi: namba ya mwanachama, jina, kijiji, kilo za kahawa ya maganda, malipo ya awali, makato ya pembejeo, baki. Misimu inapita, shiti ni ileile, mistari inafika maelfu. Ikianza kuganda, ushauri wa kwanza ni kwenda dukani kununua RAM, yaani kumbukumbu ya ziada ya kompyuta, wa pili ni kufuta data ya zamani. Yote mawili ni mapema mno. Tangu toleo la 2007, shiti moja ya Excel ina mistari 1,048,576 na safu 16,384, na namba zilizoandikwa tu, hata zikifika laki, hazina cha kukokotolewa. Cha kuuliza ni fomula ngapi zinaamshwa na Enter moja.

Kwa kawaida ni chache. Programu inatunza ramani ya seli ipi inategemea ipi, hivyo ukirekebisha kilo za mwanachama mmoja, zinazohesabiwa ni malipo yake, baki yake, jumla ya kijiji chake na jumla kuu. Wanachama wengine wanaachwa walivyo.

Ramani hiyo haisaidii kitu mbele ya fomula zisizotulia: TODAY (tarehe ya leo), NOW (tarehe na saa ya sasa), RAND (namba ya bahati nasibu), OFFSET (seli iliyo umbali fulani kutoka nyingine) na INDIRECT (seli inayotajwa kwa maandishi). Hizi huhesabiwa upya kila hesabu inapofanyika, pamoja na kila seli inayozitegemea, hata kama ulichobadilisha hakihusiani nazo. Tuseme juu ya fomu kuna TODAY, na kila mstari una safu ya siku zilizopita tangu mwanachama alete kahawa. Karani akiingiza kilo za mtu mmoja wa Kibosho, mistari yote inahesabu siku upya, ingawa tarehe ni ileile ya asubuhi. Dawa yake ni nyepesi mno: andika tarehe yenyewe kwa Ctrl na nukta-mkato, mara moja kwa siku.

INDIRECT ni ngumu zaidi kuing'oa, kwa sababu watu wanaipenda. Kila kijiji kinapewa shiti yake, halafu shiti ya muhtasari inavuta namba kwa kutumia jina la kijiji. Inavutia kwa macho. Mimi ningeweka vijiji vyote kwenye shiti moja yenye safu ya kijiji, kisha nikajumlisha kwa SUMIFS, fomula ya kujumlisha kwa masharti, ambayo imetulia. OFFSET nayo mara nyingi inaweza kupisha INDEX, inayosoma seli kwa namba ya nafasi yake.

Halafu kuna VLOOKUP, fomula ya kutafuta kitu kwenye orodha na kuleta taarifa zake, ikitafuta thamani kamili. Hiyo haina tabia ya kujiamsha, ila ikiamshwa ina kazi kubwa: kwenye orodha isiyopangwa inaanza juu na kushuka mpaka ipate. Ukiitumia mara tano kwa kila mstari, kuleta jina, kijiji, simu, akaunti na deni, ni kama karani anayefungua daftari la wanachama ukurasa wa kwanza, akapata jina, akalifunga, kisha akaanza tena mwanzo kutafuta simu ya mtu yuleyule. Tafuta nafasi ya mwanachama mara moja kwa MATCH kwenye safu ya pembeni, kisha INDEX izisome taarifa zote hapo. Excel za karibuni za Microsoft 365 zimepunguza adha hii, lakini ofisi nyingi bado zina matoleo ya zamani.

Njia ya mkato ambayo kila fundi anaijua ni kuzima ukokotoaji wa moja kwa moja: Formulas, Calculation Options, Manual, kisha F9 unapotaka hesabu. Inasaidia kweli wakati wa kuingiza data nyingi. Kwenye fomu ya malipo, hata hivyo, naiogopa. Ukichapa stakabadhi kabla ya F9, mkulima anaondoka na baki ya zamani, na karatasi haioneshi dalili yoyote. Tena hali hiyo inaambukiza: Excel inachukua mpangilio wa faili la kwanza kufunguliwa, hivyo faili la mwenzako lenye Manual likitangulia, na lako linaacha kuhesabu. Ukiona neno Calculate chini ya dirisha, usichape kwanza.

Kama uzito unatokea wakati wa kufungua au kusogeza ukurasa, na si baada ya Enter, achana na fomula. Bonyeza Ctrl na End. Ukitupwa mbali chini ya mstari wa mwisho wenye data, kuna mabaki ya rangi na mipaka huko. Futa mistari hiyo mizima, kisha hifadhi. Angalia pia kanuni za kupaka rangi kwa masharti (Conditional Formatting), ambazo kunakili na kubandika kunaweza kuzigawa vipande vipya bila wewe kujua.