Kioo kidogo kando ya kitanda

Swali ninaloulizwa kuliko yote wodini hapa Tabora haliulizwi mbele ya mgonjwa. Ndugu hunivuta pembeni, chini ya mwembe, wakashusha sauti: "Daktari, anatusikia kweli?" Kijana wao alianguka na bodaboda, akapiga kichwa, akakaa koma siku kadhaa, kisha akafumbua macho. Nyumbani wakashangilia. Lakini macho yako wazi tu, hayamtafuti mtu.

Mtu aliye koma macho yamefumba na haamshiki. Hali hiyo kwa kawaida haizidi wiki chache. Akipona kiasi, huanza kulala na kuamka na hupumua mwenyewe, lakini huenda bado hajitambui. Madaktari Jennett na Plum ndio walioieleza hali hiyo ya pili mwaka 1972. Inayotusumbua ni ya tatu, iliyowekewa vigezo mwaka 2002: fahamu ipo, ila ni kidogo, inakuja na kuondoka. Asubuhi anaufuata uso wa mama yake kwa macho, mchana humpati.

Ndiyo maana tunakosea. Mwaka 2009 watafiti wa Ubelgiji waliwapima upya wagonjwa 44 ambao jopo lao la matibabu lilikubaliana kwamba hawana fahamu. Walitumia kipimo chenye vipengele 6 na alama 0 hadi 23. Wagonjwa 18 wakaonekana wana fahamu. Waliokosea hawakuwa wazembe. Walikuwa watu waliokaa na wagonjwa hao kila siku. Namba hiyo hainitoki kichwani.

Kipimo chenyewe hakihitaji umeme. Nina kioo kidogo mfukoni, nampitishia mgonjwa polepole mbele ya macho. Wapo wasioifuata kalamu wala kidole, lakini sura yao wenyewe wanaifuata. Namwita kwa jina lake, lile analoitwa nyumbani. Namwambia afanye jambo moja, kama kufumba macho, narudia, na nahesabu: akitii mara 3 kati ya 4, hilo si bahati. Kwanza nahakikisha ameketishwa, hajapewa dawa ya usingizi, hana homa.

Na lugha! Miaka iliyopita nilimwambia mzee mmoja kwa Kiswahili afumbe macho. Kimya. Nikarudia, kimya. Nikaandika kwenye faili kwamba haitikii. Binti yake aliyekuwa ameshika bakuli la uji akamwinamia, akamsemesha Kinyamwezi. Mzee akafumba macho. Nilimwomba arudie, na baba yake akatii tena. Faili nililifuta nikaona aibu kweli, na tangu siku hiyo simpimi mgonjwa bila ndugu wa kumsemesha.

Ila nawaambia ndugu na upande wa pili, hata kama unauma. Kupiga miayo, kusaga meno, kukaza vidole ukimwekea mkono kiganjani: hayo mwili huyafanya bila fahamu. Nikinyamaza kuhusu hilo nitakuwa nawauzia matumaini.

Wapo pia wanaoelewa kila kitu na mwili ukakataa kabisa. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake, Uingereza, walimwambia mwanamke aliyeonekana hana fahamu ajifikirie anacheza tenisi, na ubongo wake ukawaka kwenye MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo, kama wa mtu mwenye afya. Mwaka 2024 ikatoka kazi kubwa zaidi: kati ya wagonjwa 241 wasiotii amri yoyote, 60 walionyesha dalili hiyo kwa MRI au kwa kipimo cha umeme wa ubongo. Kwangu maana yake ni moja: hakuna kusemea maneno ya mazishi wala ya kugawana mashamba juu ya kitanda cha mtu.

Kupima mara moja hakutoshi. Tunapima walau mara 5 ndani ya wiki mbili, saa tofauti. Kijana wa bodaboda ameshapimwa mara 4. Juzi macho yalikifuata kioo, jana hayakukifuata. Jumatatu nitarudi saa tatu asubuhi, akishalishwa uji kwa mpira, na mama yake atakuwepo kumwita.