Siyo sime, ni kisu cha kuchimbia

Kazi yangu ni bustani za majumbani hapa Moshi, na kila nikichomoa hii kitu kiunoni mwenye nyumba anashtuka kwanza. Siyo sime jamani. Wajapani wanaiita hori hori, hori kwao ni kuchimba, yaani ni kama useme chimba-chimba. Urefu wote ni kama sentimita 30, bapa lenyewe 17 au 18 hivi, limebonyea kama mfereji ili libebe udongo, upande mmoja makali ya kawaida, wa pili una meno kama msumeno.

Mi nilikuwa mbishi, nikasema jembe lipo, panga lipo, kisu cha nini tena. Kilichonibadilisha ni ndago, lile gugu sugu. Ukiing'oa ndago kwa mkono jani linakatika, kiazi kinabaki chini, baada ya siku chache imerudi inakucheka. Ukipiga jembe ndo umeharibu kabisa, maana vile viazi vimeungana kama shanga kwenye uzi, ukikata uzi kila shanga inaota kivyake. Sasa kisu unakizamisha wima pembeni ya shina, sentimita 10 mpaka 15, sehemu iliyobonyea iangalie mmea, unakitikisa kidogo, unanyanyua udongo wote, halafu unafuata uzi kwa vidole mpaka kiazi cha mwisho. Kazi ya polepole hiyo, tuta la mchicha sawa, ekari nzima usijaribu.

Miche ndo raha yenyewe: choma, vuta kuelekea kwako, tundu limefunguka, dumbukiza mche, kandamiza. Meno natumia kugawa mashina ya mchaichai yaliyoshikana, na kamba za mifuko ya samadi pia.

Ukienda kununua angalia mpini kabla ya makali. Chuma kipite ndani ya mpini mpaka mwisho, kishikwe na ribiti. Changu cha kwanza kilikuwa cha bei chee, kumbe chuma kimeingia kidogo tu na gundi, udongo wa kiangazi ukakimaliza asubuhi moja. Chuma cha kawaida kinashika makali vizuri ila kinapata kutu, stenlesi haikusumbui na kutu ila kuinoa inataka subira, mi kwa mvua za huku nachukua stenlesi. Mpini wa rangi ya mbao ukiusahau kwenye majani ndo basi tena, funga kitambaa chekundu.

Fundi wa kufua vyuma anaweza kukutengenezea kwa springi ya gari, nilifanya hivyo. Mwambie alibonyeze bapa likiwa jekundu juu ya kipande cha bomba, na akishalipoza ghafla alirudishe motoni kidogo, asipofanya hivyo linakuwa gumu kama kioo na jiwe la kwanza linalivunja. Na usikitumie kung'olea mawe hata kiwe kizuri vipi, hiyo ni kazi ya mtaimbo.

Kunoa, pitisha tupa upande wa makali tu, meno yaache. Ukimaliza osha, kausha, paka mafuta kidogo, ya cherehani yanatosha. Ila kama umetoka kwenye nyanya zenye mnyauko usiende tuta jingine hivyohivyo, kifute na spiriti kwanza maana ugonjwa unasafiri na chuma. Na kikae kwenye ala, siyo mfukoni, kina ncha na makali pande zote mbili, ukichuchumaa tu paja lako linajua.

Kile cha springi mama ameshakichukua, anachimbulia magimbi. Ala hataki hata kuiona, akimaliza anakichomeka kwenye mgomba, na utomvu umekifanya cheusi tii.