BIOS imeiona diski. Halafu?

Kuna sentensi moja nimeichoka: "Fundi, BIOS imesoma diski nzima, kwa hiyo iko sawa." Hapana. Ulichothibitisha ni kwamba BIOS, ile programu ya bodi inayoamka kabla ya Windows, inajua kusoma namba kubwa. Basi.

Kisa chenyewe huwa ni kilekile. Pentium III, Windows 98, diski ya SATA (kiunganishi kipya) ya GB 320 imefungwa kwa adapta ya IDE (kile cha zamani). Mashine inawaka, jina na ukubwa wa diski vinatokea kwenye skrini, FDISK iliyosasishwa (zana ya DOS ya kugawa diski) inapita, format inapita, Windows inaingia vizuri. Mwenye nayo anajaza michezo na muziki miezi kadhaa, halafu asubuhi moja anakuta mashine haibuti na mafolda yamegeuka herufi za ajabu. Lawama zote: diski ya mtumba. Jamani, diski haina kosa.

Kati yako na ile sahani inayozunguka kuna BIOS, jedwali la patisheni (vipande ambavyo diski imegawanywa), DOS, draiva ya Windows na zana za kukagua diski. Kila mmoja ana kikomo chake, na hawaulizani. Mwenye kikomo cha chini kabisa ndiye anayeamua, hata kama wengine wote ni wa kisasa.

Twende kwenye kikomo kinachoniudhi. Katika ATA ya zamani (lugha ambayo diski na bodi huzungumza), anwani ya sekta, yaani kipande kidogo cha diski cha baiti 512, ina biti 28. Biti 28 zinahesabu sekta 268,435,456. Zidisha kwa baiti 512 upate 137,438,953,472. Ndiyo GB 137 za mtengenezaji, au 128 kwa Windows, ambayo hugawa kwa 1,024. (Kwa hiyo diski ya 160 ikionyesha 149, hujaibiwa. Ikionyesha 128 au 127, imekatwa.) ATA-6 ndiyo iliyoleta anwani za biti 48, na BIOS za kuanzia 2002 hivi kwa kawaida zinazijua.

Sasa tazama mtego ulivyo. FDISK na format ya DOS hupitia BIOS. BIOS yako inajua biti 48, kwa hiyo patisheni ya GB 300 inatengenezwa bila malalamiko. Lakini Windows 98 ikishaamka inaiweka BIOS kando na kutumia draiva yake, faili liitwalo ESDI_506.PDR, na huyo anajua biti 28 tu. Siku Windows ikitaka kuandika sekta namba 268,435,456, namba hiyo kwa biti ni moja ikifuatiwa na sifuri 28. Draiva inaacha ile moja, zinabaki sifuri. Inaandika sekta 0, ndani kabisa ya MBR, sekta ya kwanza ya diski, penye jedwali la patisheni. Ikiendelea mbele kidogo inafika sekta 63, ilipo sekta ya kubutia, kisha FAT yenyewe, orodha ya mahali kila faili lilipo. Wimbo wako umeandikwa juu ya ramani ya diski. Hakuna onyo, hakuna skrini ya bluu, kunakili kumekamilika kwa asilimia 100.

Ndiyo maana "mimi natumia mwaka mzima haina tatizo" si ushahidi. Diski yako haijajaa, basi! FAT32 kwa kawaida huanza kujaza mwanzoni, hivyo mpaka hujaufikia. Ukitaka ushahidi, jaza diski hadi uvuke mpaka, kisha linganisha kila faili na nakala yake. Kwenye diski isiyo na kitu unachokipenda.

Mimi husimama kabla ya mpaka. Gawa diski ili patisheni ya mwisho iishie MB 130,000 kutoka mwanzo, kinachobaki kiache tupu. Narudia: mwisho wa patisheni ya mwisho ndio unaohesabiwa. Kugawa GB 320 vipande vitatu vya 100 hakusaidii kitu, kipande cha pili kinavuka mpaka na cha tatu chote kiko nje.

Au ikate diski yenyewe iseme uongo kuhusu ukubwa wake. Ichomeke kwenye mashine ya Linux, moja kwa moja kwenye SATA maana adapta nyingi za USB hazipitishi amri hii, halafu: hdparm -N p268435455 /dev/sdX. Hakiki herufi ya diski mara mbili. Ile p mbele ya namba ndiyo inayofanya kikomo kibaki baada ya umeme kuzimwa. Ikikataa, zima umeme kabisa, washa, jaribu tena, kwa sababu badiliko la kudumu linaruhusiwa mara moja tu kila diski inapowashwa. Fanya hivyo kabla ya kugawa patisheni. Diski mpya zaidi zimeachana na amri hii. Hizo zirudishe kwenye mashine za kisasa.

Zipo draiva zilizorekebishwa zinazoipa Windows 98 biti 48. Zinafanya kazi. Lakini ScanDisk, zana ya Windows ya kukagua diski, nayo ina kikomo chake, patisheni ya FAT32 inayozidi GB 127.53 inaishinda, kwa hiyo umevuka mto mmoja ukakuta mwingine. XP ya CD ya kwanza, kabla ya SP1, ina ugonjwa uleule. Windows 2000 inataka SP3 au zaidi pamoja na EnableBigLba kuwekwa 1 kwenye rejista.

Vikomo vingine kwa haraka, maana hivi angalau vinajionyesha. Mashine ikiganda inapotafuta diski, hasa zenye Award BIOS za kabla ya katikati ya 1999, hicho ni kikomo cha GB 33.8: tumia jampa ya kukata (kile kifuniko kidogo cha pini nyuma ya diski) kama diski ni ya IDE, au amri ile ile ya hdparm kwa sekta 66,055,248. FDISK ya awali ya Windows 98 ikikuambia diski ya GB 80 ina 10 na kitu, imehesabu hadi 64 ikaanza upya. Microsoft walitoa FDISK mpya. DOS 6.22 inaishia GB 8.4 kwa diski na 2 kwa patisheni, hata ukiipigia magoti.

Kwa 486 inayoishia MB 504, dawa ni XTIDE Universal BIOS, BIOS ya ziada ya kushughulikia diski. Isanidi kwanza kwa XTIDECFG, ichome kwenye chipu ya 8 KB kama 28C64, iweke kwenye soketi tupu ya boot ROM ya kadi ya mtandao ya ISA, anwani D000, kisha kwenye BIOS andika diski "None". Wanachosahau wengi ni EMM386, msimamizi wa kumbukumbu wa DOS: bila X=D000-D1FF inaweza kuchukua eneo hilo na mashine ikaning'inia katikati ya kubuti.

Adapta za SATA kwenda IDE: hapa sina kanuni ya kukupa. Mbili zenye chipu ileile, moja inakubali bodi fulani na nyingine inagoma. Anayekuapia kwamba fulani ndiyo bora anabahatisha, na mimi pia. Nunua mbili tofauti.

Na diski ikikosekana ukiwasha asubuhi, kisha ikaonekana ukibonyeza Ctrl+Alt+Del, usibadilishe chochote. Inachelewa kushika kasi, BIOS haina subira. Zima Quick Boot: BIOS itahesabu RAM polepole, na hilo litaipa diski sekunde inazohitaji.