Ufafanuzi: Mpaka wa baiti 4096 pekee hauifanyi DMA kuwa salama

Kwenye magrupu ya waandishi wa draiva (programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta) kuna ujumbe unaozunguka miaka nenda rudi: "Anzisha bafa kwenye anwani inayogawanyika kwa 4096, DMA haitakusumbua tena." Bafa ni eneo la kumbukumbu linaloshikilia data kwa muda. Ujumbe huo una chembe ya ukweli, lakini unapotosha.

DMA huwezesha kifaa kusoma na kuandika kumbukumbu bila kupitia prosesa. Vifaa vingi hudai anwani ya kuanzia iliyopangiliwa; hilo ni sharti moja tu. Kwenye Linux, bafa ya vmalloc (njia mojawapo ya keneli, yaani kiini cha mfumo, kutenga kumbukumbu) huanzia mwanzo wa ukurasa, yaani kipande cha kumbukumbu ambacho mara nyingi ni baiti 4096, kila mara, na bado kurasa zake huweza kutawanyika katika kumbukumbu halisi, ilhali kifaa kinaweza kutarajia zifuatane.

Kubwa zaidi ni kache, kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa, ambayo huhamisha data kwa vipande viitwavyo mistari. Mwisho wa bafa ukishiriki mstari wa kache, mara nyingi baiti 64, na kigeu kingine, prosesa ikiandika kigeu hicho inaweza kufuta data iliyoletwa na kifaa. Mwanzo ulipangiliwa vizuri. Tatizo lilikuwa mwishoni. Watu huchanganyikiwa kwa sababu kwenye kompyuta za x86 maunzi yenyewe huoanisha kache na kumbukumbu, hivyo kosa hujificha hadi draiva ihamie kwenye bodi ya ARM isiyofanya hivyo. Nimeona wengi wakilaumu kifaa bure.

Kuhakiki matumizi ya DMA kwenye draiva, jenga keneli ukiwa umewasha CONFIG_DMA_API_DEBUG, chaguo linaloripoti baadhi ya makosa ya DMA, endesha draiva, kisha soma dmesg, yaani orodha ya taarifa za keneli. Ujumbe ule wa 4096 ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mweleze aliyeutuma habari ya mstari wa kache.