Maumivu ya kifua yakiisha, mshipa bado unaumwa

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi kliniki hutoka kwa mgonjwa aliyewekewa stenti, yaani kibomba kidogo cha wavu kinachouacha wazi mshipa wa moyo, wiki chache zilizopita: "Daktari, kama mshipa umeshazibuliwa, dawa zote hizi ni za nini?" Ni swali la haki, na lawama ni yetu sisi madaktari, kwa kuwa tumezoea kuueleza ugonjwa huu wa mishipa ya moyo kwa mfano wa bomba lililoziba, na bomba likishazibuliwa, fundi hukusanya vifaa vyake akaenda zake.

Moyo hulishwa na mishipa yake yenyewe, ambayo huchipuka mwanzoni kabisa mwa aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, mmoja kulia na mwingine kushoto. Ugonjwa hauanzii katika uwazi ambamo damu hupita, bali ndani ya ukuta wa mshipa. Lehemu mbaya (kolesteroli ya LDL) hupenya chini ya utando wa ndani, seli za kinga huifuata na kuimeza, na kwa muda wa miaka mingi hujengeka rundo la mafuta lililofunikwa na ganda la nyuzi. Uvutaji wa sigara, kisukari na shinikizo la juu la damu huharakisha kazi hiyo.

Rundo hilo hudhuru kwa njia mbili tofauti. Likikua polepole hadi kuubana mshipa, mgonjwa husikia kifua kikibana anapopanda ngazi au kutembea kwa haraka, kisha hupata nafuu akipumzika. Lakini ganda likipasuka, damu huganda papo hapo juu ya ufa, mshipa huziba, na msuli wa moyo uliokuwa ukilishwa na mshipa huo huanza kufa. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba marundo yanayopasuka mara nyingi hayakuwa yameubana mshipa sana hapo kabla. Ndiyo maana mtu anaweza kufanyiwa kipimo cha mazoezi, akaambiwa hali ni nzuri, na bado akapata shambulio la moyo baadaye.

Tangu daktari Andreas Grüntzig alipotanua mshipa wa moyo kwa puto mwaka 1977 huko Zürich, ufundi wetu umesonga mbele sana, na mgonjwa aliye katikati ya shambulio la moyo huokolewa kwa kuzibuliwa mshipa haraka. Kwa mgonjwa ambaye hali yake imetulia, hesabu ni nyingine. Tafiti mbili kubwa, COURAGE ya mwaka 2007 na ISCHEMIA ya mwaka 2020, zilionyesha kwamba kuongeza stenti juu ya dawa zinazotumiwa vizuri hupunguza maumivu, lakini hakukupunguza vifo. Stenti hutibu sehemu fupi ya mshipa, ilhali ugonjwa umeenea katika kuta za mishipa yote.

Hapo ndipo statini inapoingia. Hushusha lehemu mbaya na kulifanya ganda liwe imara zaidi. Katika utafiti uliofanywa nchi za Skandinavia na kutangazwa mwaka 1994, ukiwa na wagonjwa 4,444, vifo vilipungua kwa takriban asilimia 30. Miongozo ya Ulaya inataka lehemu mbaya ishuke chini ya milimoli 1.4 kwa lita, kiwango ambacho mara nyingi huhitaji dawa ya pili. Aspirini huzuia damu kuganda, na baada ya stenti huongezwa dawa nyingine ya aina hiyo, kwa kawaida kwa miezi 6, au 12 ikiwa palikuwa na shambulio. Kuiacha mapema, hata kwa ajili ya kung'oa jino, kunaweza kusababisha damu kugandia ndani ya stenti. Tafadhali muulize kwanza daktari wako wa moyo.

Nitrogliserini, dawa ya kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana, inastahili maelezo marefu kidogo. Itumie ukiwa umeketi, kwani hushusha shinikizo la damu na unaweza kuanguka. Dakika 5 zikipita na maumivu hayajapungua, usijiendeshee gari. Ita gari la wagonjwa. Kamwe isichanganywe na dawa za nguvu za kiume kama sildenafili, kwa sababu shinikizo linaweza kuporomoka hadi kuua. Hakuna mwanamume anayenitajia dawa hizo kwa hiari yake, kwa hiyo siku hizi nawauliza wote, wazee kwa vijana, bila kuona haya.

Tena msisubiri maumivu ya kifua peke yake. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, shambulio linaweza kuja kama pumzi kukatika, kichefuchefu, jasho baridi au uchovu usio na sababu. Wagonjwa wa namna hiyo huchelewa kufika, wakidhani ni vidonda vya tumbo, na kila dakika wanayosubiri nyumbani sehemu nyingine ya msuli hufa.