Mtoto mwenye tatizo la lugha darasani: yasemwayo na yaliyo kweli

"Atasema tu, hata baba yake alichelewa." Kauli hii hutolewa ili kumtuliza mzazi, ilhali kuchelewa lugha katika ukoo ni miongoni mwa dalili zinazoongeza uwezekano kwamba tatizo la mtoto halitaisha lenyewe. Wapo wanaochelewa kisha wakawafikia wenzao, lakini anayefikisha miaka 5 bila kuweza kuunda sentensi wala kufuata maagizo mepesi asiendelee kusubiriwa. Tafiti za Uingereza na Marekani zimekadiria kuwa takriban asilimia 7 ya watoto wanaoanza shule wana tatizo la ukuaji wa lugha lisilotokana na uziwi wala ugonjwa mwingine unaojulikana.

Wengine hulaumu lugha mbili. Mtoto anayezungumza Kisukuma nyumbani na Kiswahili shuleni hapati tatizo hili kwa sababu hiyo. Mwenye tatizo hutatizika katika lugha zake zote, na ndiyo maana mwalimu humuuliza mzazi jinsi mtoto anavyozungumza nyumbani. Vilevile, mtoto wa Nairobi anayesema "kitabu yangu" hana kasoro ikiwa ndivyo wasemavyo watu wa mtaani kwake. Wapo pia wanaoshauri mtoto akatwe utando ulio chini ya ulimi, lakini kuukata hakumfundishi maneno wala maana zake.

Dhana inayoniuma zaidi ni ile ya uvivu na ukaidi. Mwalimu husema kwa mkupuo, "Chukueni madaftari, fungueni ukurasa mpya, mchore duara, kisha mpake rangi," na mtoto aliyeshika neno la kwanza tu hukaa kimya au huiga wenzake, naye huadhibiwa kwa kutotii agizo ambalo hakulielewa.

Si kweli pia kwamba hakuna la kufanya mpaka mtaalamu apatikane. Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha ni wachache Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafunza mwaka 2008 tu. Mtoto apimwe masikio kwanza, na rufaa ifuatiliwe, lakini wakati huohuo mwalimu atoe agizo moja moja badala ya mengi kwa mkupuo, aonyeshe kitu chenyewe anapokitaja, na mtoto akisema "Mbuzi kula majani," amjibu, "Ndiyo, mbuzi anakula majani," bila kumlazimisha arudie. Anapomuuliza swali, amsubiri hata sekunde 10, na asiwaruhusu wenzake kumjibia.