Usiku Usio na Giza: Mwezi katika Vitabu vya Kale vya China

Ukifunua kitabu cha hadithi kilichochapwa China enzi ya Ming (1368–1644), unaweza kumkuta kijana akiparamia ukuta wa bustani, na kila jani la mti ulio karibu naye linaonekana wazi. Utadhani ni mchana. Tazama juu: kuna kiduara kidogo, pengine kimepitiwa na wingu. Kumbe ni usiku.

Picha hizi zilichongwa kwenye vibao, mara nyingi vya mpeasi. Fundi aliondoa mbao yote akabakiza mistari, akapaka wino, akalaza karatasi juu yake na kuisugua. Giza hakulichora, anga lilibaki jeupe. Mwezi, au mshumaa mezani, ndio uliomwambia msomaji kuwa kumekuchwa.

Yule kijana ni Zhang, mwanafunzi katika *Xixiang ji*, tamthilia ya Wang Shifu ambayo toleo lake la mwaka 1498 lina picha juu ya kila ukurasa. Binti Yingying amemwandikia shairi linalotaja kungojea mwezi, mlango ukiwa nusu wazi. Zhang analisoma kama mwaliko, anaruka ukuta, anaishia kukaripiwa! Kwa hiyo mwezi ule si pambo: ndiyo saa ya miadi, na msomaji aliyelijua shairi alishaanza kucheka.

Mwezi mpevu una maana nyingine. Kwa Wachina uduara wake ni ukamilifu wa familia iliyokutana, ndiyo maana sikukuu ya usiku wa 15 wa mwezi wa nane, katika kalenda yao ya kuandama mwezi, ni ya jamaa kukaa pamoja. (Nao, kama sisi, hutumia neno moja, *yue*, kwa mwezi wa angani na wa kalenda.) Mchoraji akimweka mke peke yake dirishani chini ya mwezi mpevu, hana haja ya kumchora machozi.

Ndani ya duara lenyewe huenda ukamwona sungura akitwanga dawa ya kutokufa kwenye kinu, au mti wa *gui* wenye maua ya kunukia. Mti huu huwapotosha wengi. Chang'e, mwanamke aishiye mwezini, akionekana na tawi lake mkononi, usidhani ni ua la mapenzi. Kuvunja tawi la *gui* mwezini kulimaanisha kufaulu mitihani ya utumishi wa dola.